Nyuma ya Fulana ya Njano

Mtaani walimwita Mama Vifungo, na hata mumewe kinyozi alikuwa akimwita hivyo mbele ya wateja. Jina lilitokana na matundu ya vifungo. Mafundi wenzake walikuwa wameshahamia kwenye mashine, yeye akaendelea kuyashona kwa mkono, uzi mwembamba, mishono iliyobanana kama meno ya kitana. Watu walikuwa wakiacha mafundi watatu njiani ili wamletee yeye koti la harusi. Kazi aliifanyia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, penye cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu ambacho wateja wanene walikilaumu kwa unene wao.

Hakuwa mtu wa ugomvi. Wifi yake, dada wa kinyozi, aliyekuwa akipeleka vifurushi mjini kwa baiskeli, alizoea kumtania kwamba hata nzi akiingia dukani yeye humwomba radhi kwanza ndipo amtoe.

Hiyo ilikuwa kabla ya jioni ile ya mtoni.

Alikuwa anatoka kununua uzi, akakata kupitia njia ya kando ya mto kwa sababu ina upepo. Ni njia ya lami nyembamba, katikati imepigwa mstari mweupe, huku wa miguu, huku wa baiskeli. Yeye alikuwa huku kwake. Hakusikia kengele wala sauti ya mtu. Alichosikia ni kitu kama shuka linalopigwa na upepo, kisha begani akapigwa dafrao, na lami ikamjia usoni. Mkono wa kulia ulitangulia chini, akausikia ukilia ndani kama kijiti kinachokatika.

Mwendesha baiskeli aliyumba, akakaa sawa. Aligeuza kichwa kidogo tu, akasema, "Mama, utembee nyumbani kwako," akakanyaga pedali akaenda zake.

Usoni hakumwona, maana alivaa miwani myeusi na kofia ngumu. Lakini jicho la fundi haliwezi kuacha nguo ipite. Ilikuwa fulana ya njano ya kuendeshea, na mfuko wa mgongoni ulikuwa umechanika ukashonwa upya kwa uzi mwekundu, mishono mirefu iliyokwenda upande, ya mtu asiyejua hata kupiga fundo. Akiwa amelala pale chini, uzi wake umetawanyika majini, aliutazama mfuko ule mpaka ukapotea kwenye kona.

Kifundo cha mkono kilivunjika mahali pabaya. Plasta ilipotolewa, vidole vilifunga ngumi nusu na kuishia hapo. Cherehani aliweza kuendesha, mkasi mzito hakuuweza, na sindano ndogo ilimtoka vidoleni kila mara kama kitu kilichopakwa mafuta. Matundu ya vifungo yakaisha. Wateja wa makoti walikuja, wakamwonea huruma, wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili mwenye mashine. Mlinzi wa njia ya mtoni alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba bila jina la mtu hakuna cha kufanya.

Mumewe alimwambia ashukuru hakupasuka kichwa. Alijibu kwamba anashukuru. Lakini kila alipookota sindano sakafuni, alichohisi hakikuwa shukrani. Maumivu aliyazoea. Asichoweza kukizoea ni ile sauti, jinsi ilivyotulia, kama ya mtu anayefukuza kuku. Alianza kumwaza yule mtu asubuhi kabla ya chai. Alimwaza akipiga pasi. Kinyozi alimwuliza mbona siku hizi anapiga pasi kama anayemkandamiza mtu, naye hakucheka.

Siku moja alimwambia wifi yake amfundishe baiskeli.

Wifi alidhani ni mazoezi ya mkono, akafurahi. Alimtafutia baiskeli ya milimani iliyotumika, yenye matairi mapana na gia nyepesi, akamfundishia kwenye uwanja wa nyuma ya maghala. Mama Vifungo alianguka mara nyingi kuliko alivyokubali baadaye. Suruali zake zote zilipata viraka magotini, na viraka vyenyewe alivishona kwa mkono mbovu, kwa makusudi, kama adhabu. Kufika msimu wa mvua alikuwa anaweza kwenda na njia ya mtoni yote mpaka darajani. Mvua zilipokatika alianza kupanda mlima.

Mlima wenyewe unaanzia ng'ambo ya daraja. Lami inaishia hapo, njia inakuwa ya udongo mwekundu, inapanda kwa kuzungukazunguka kwenye mikaratusi hadi kwenye tangi la maji kileleni. Kushuka kuna njia mbili. Moja ni pana, ya watu wenye akili zao. Nyingine waendeshaji waliiita Ngazi, kwa sababu mizizi imejipanga kama vidato, na katikati ina kona kali juu ya mawe. Wifi alimkataza Ngazi, naye akakubali. Hakuja mlimani kutafuta raha.

Alimwona mwenye mfuko wa uzi mwekundu Jumamosi moja, pale darajani, akijaza maji chupani. Mapigo ya moyo yalimwenda mbio kama msichana aliyeona mchumba. Aliwauliza waendeshaji wengine kama anayeuliza bei ya nyanya. Wakamwambia huyo ni muuza vigae, wao wanamwita Kapteni, ndiye anayeongoza kundi la Jumamosi, na mlimani hakuna anayemwacha.

Wifi aliposikia, alimwuliza sasa atafanya nini, atamtukana au atamshtaki. Mama Vifungo alisema hatafanya lolote. Atakuwa nyuma yake tu.

Na ndivyo alivyofanya. Kapteni alipoondoka, naye aliondoka. Gurudumu lake la mbele aliliweka karibu na la nyuma la Kapteni, si karibu kiasi cha kugusa, bali kiasi cha kusikika. Hakusalimia wala hakupita mbele. Kapteni akipunguza, naye alipunguza. Akisimama kufunga kamba ya kiatu, naye alisimama akatazama miti. Mwanzoni Kapteni aliona sifa. Aliwaambia wenzake kwamba amepata mpenzi wa uzeeni, na wenzake wakacheka. Jumamosi ya tatu kicheko kilibaki kwao peke yao. Kapteni alijaribu kumwacha kwenye mpando, akamwacha, lakini akifika kwenye tangi na kugeuka, baada ya muda kidogo tu, yule mama alikuwa anachomoza kwenye kona, mdomo wazi, jasho linamtiririka, macho yamemganda mgongoni. Akahamishia mazoezi Jumatano. Mama Vifungo, ambaye dukani sasa alikuwa na nafasi ya kutosha, akahamia Jumatano.

Asingeweza kumweleza mtu utamu ule. Alimwona Kapteni akigeuka nyuma mara moja, mara mbili, mara kumi. Aliyaona mabega yake yakipanda mpaka masikioni. Mtu aliyekuwa akipita kama upepo bila kujua nani yuko njiani, sasa hakuwa na wazo jingine ila nani yuko njiani. Nyumbani Mama Vifungo alikula vizuri na kulala fofofo. Mumewe alianza kumwogopa kidogo.

Jumatano moja Kapteni alimsubiri kwenye tangi, ameshuka kwenye baiskeli.

"Mama, unanitafutia nini?"

"Naendesha baiskeli."

"Njia zote hizi, ni nyuma yangu tu?"

"Hapa pananifaa."

Kapteni alikaza mkanda wa kofia yake. Akapanda baiskeli yake, akageukia Ngazi. Huko aliamini hatafuatwa.

Mama Vifungo alisimama juu ya kidato cha kwanza. Breki alizishika kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, vile vilivyokubali. Alijua hawezi. Akashuka, akaanza kuteremka kwa miguu, akiikokota baiskeli, na spoki zikawa zinalia taratibu kwenye miti. Chini yake aliiona fulana ya njano ikifika kwenye kona ya mawe. Aliona kichwa kikigeuka juu kumtafuta. Kisha baiskeli ikaruka upande wake na mtu upande wake.

Alimkuta amelala ubavu, mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika, mguu umekaa vibaya, simu imerukia kwenye majani mbali naye. Uso ulikuwa umepoteza rangi. Mama Vifungo aliilaza baiskeli yake vizuri, akakaa kwenye jiwe, akafungua chupa ya maji, akanywa.

"Nisaidie, mama. Piga simu."

"Unanijua?"

Alimtazama sana. "Wewe ni yule wa darajani? Mwenye mtoto mgongoni?"

"Si mimi."

"Basi yule..." Akafumba macho, akafikiri. "Ulikuwa na yule mzee wa mbwa?"

Mama Vifungo aliishusha chupa. Mwaka mzima alikuwa ameyapanga maneno ya siku hii, akayanyoosha kama kitambaa mezani, na yote yalikatika hapo. Alidhani ameubeba uovu wa mtu huyu peke yake. Kumbe alikuwa mmoja kwenye foleni, na foleni yenyewe Kapteni haikumbuki vizuri.

Akamweleza. Jioni, mstari mweupe, uzi majini, mkono. Akamwonyesha ngumi isiyofunga. Kapteni alianza kuomba msamaha, haraka haraka, maneno yakikanyagana.

"Usiniombe sasa," alimwambia. "Sasa hivi ungemwomba hata kisiki."

Kivuli cha mkaratusi kilikuwa miguuni mwa Kapteni. Mama Vifungo alikaa pale jiweni mpaka kikamfika kiunoni. Hakumpa maji. Alimsikiliza akihema, na hatutasema uongo hapa, alifurahi. Kisha akampigia wifi yake simu, akamwelekeza mahali, na watu wakaja na machela. Walipouliza imekuwaje, alisema mtu huyu alikuwa anatazama nyuma.

Habari zikazagaa. Kapteni aliwaambia wenzake kwamba kuna mwanamke amemwandama mpaka amemwangusha. Wenzake wawili wakaenda dukani kwa hasira, wakamkuta akipima shati la mteja. Aliwasimulia yote bila kuinua sauti, pamoja na mwenye mtoto na mzee wa mbwa. Mmoja wao alitazama chini. Yule mzee wa mbwa alikuwa akimjua, na siku Kapteni alipomgonga alikuwepo. Kundi la Jumamosi likapata kiongozi mwingine.

Baadaye Kapteni alikuja mwenyewe, mkono umening'inizwa shingoni, akichechemea, mkewe nyuma yake. Dukani palikuwa na wateja. Mama Vifungo hakumpa kiti. Kapteni aliomba msamaha mbele ya wote, safari hii polepole, na mkewe akaongeza wa kwake ingawa hakuna aliyemdai.

"Nimekusikia," alisema Mama Vifungo. "Kusamehe bado. Mtafute mwenye mtoto. Mtafute na yule mzee. Uwaambie kama ulivyoniambia mimi, mbele za watu. Ukimaliza njoo, tutaongea."

Kinyozi aliona mke wake amezidisha, na usiku wake alimwambia hivyo. Alimjibu kwamba huenda ni kweli.

Mzee wa mbwa amepatikana. Mwenye mtoto bado, na kuna wanaosema wamemwona Kapteni Jumamosi asubuhi pale darajani, kwa miguu, akiwauliza akina mama wanaopita, na baadhi yao wakimkimbia wakidhani ni kichaa. Mama Vifungo amempita mara kadhaa, wala hajasimama. Wifi yake, aliyekuwa pembeni yake siku moja, alimwambia sasa autue huo mzigo.

"Nikiutua, mlima ule nitaupanda kwa nguvu ipi?" alijibu, akabadilisha gia, wakaanza kupanda.