Vigingi Vitano Langoni

Pale sokoni Ogwedhi tulimwita Ruoth, yaani mfalme, na hakuna aliyemchagua. Uenyekiti wa soko la mifugo aliurithi kwa baba yake kama koti lililoachwa msumarini. Akalivaa, likampwaya. Baba alikuwa mkali, alikataa hata salamu. Mwana alikuwa mpole, na upole huo ndio uliotufikisha tulipofika.

Desturi ya soko ni hii: ukipewa mahali pa kusimamisha wanyama, unapiga kigingi Ruoth akiona. Kikishaingia ardhini, hapo ni pako. Palipogombewa ni langoni, malori yanapopakia, kwa sababu mnunuzi aliyechoka hununua anachokutana nacho kwanza. Nilimbembeleza wiki tatu. Mwishowe akasema, "Piga tu, ndugu yangu." Nikapiga.

Siku ya soko nilifika na mbuzi wangu, nikahesabu vigingi pale langoni. Vinne. Nikarudia: vitano. Nilikuwa nimeruka changu.

Wenye ng'ombe kutoka upande wa Narok walikuwa na chao, Wakuria chao, na kila mtu aliapa kuwa Ruoth aliona. Na kweli aliona, vyote vitano. Kufikia saa nne watu walishakata matawi wakiimba kwamba soko halina mwenyewe. Hata wauza chai, ambao hawana mnyama hata mmoja, waliimba.

"Atoke! Atoke!"

Wakanituma mimi ndani ya ofisi yake, kwa kuwa mdomo wangu unajulikana: nimwambie aamue ama aachie kiti. Nilimkuta ameinamia meza.

"Hata wewe nilikupa?" akauliza.

"Hata mimi, jaduong'," nikasema, nikimpa heshima ya mzee.

Akacheka, akajifuta macho. "Baba alikuwa anakataa kila kitu, wakamwita mchawi. Niliogopa hilo jina. Sasa niwaambie nini?"

"Wakatalie."

"Nimkatalie nani?"

"Anza na mimi. Ng'oa changu wakiona, hao wengine hawatasema unapendelea."

Sijawahi kupatana bei vibaya hivyo, na hakuna aliyenilazimisha. Akatoka, akashika kigingi changu, akaking'oa. Mtu mmoja akapiga makofi. Kwa dakika moja hivi tulikuwa na mfalme.

Akainamia cha pili. Mwenyewe alikuwa mama mmoja muuza kondoo, akamwambia polepole, "Na mimi pia, mwanangu?"

Akakiachia kigingi. "Wewe, mama... tutaangalia wiki ijayo."

Kelele zilizozuka ziliwashtua ng'ombe wakakata kamba. Matawi yalimfika usoni. Hakupigwa zaidi ya hapo, nadhani kwa sababu hakukimbia wala hakubisha. Alitoa ufunguo wa lango mfukoni, akauliza nani anautaka, kwa sauti ileile aliyoniruhusu nayo kupiga kigingi. Mikono ikanyooka mingi. Akampa aliyekuwa karibu zaidi, akaondoka kwa miguu. Kabla hajafika barabarani, watu walikuwa wameshaanza kumzomea mwenye ufunguo.