Nyayo Alizozifuta Mzee Sharifu

Mzee Sharifu wa Kwedizinga hakujaliwa kukaa. Hata msibani, wenzake wakiwa wamejinyoosha mikekani, yeye alizunguka nyuma ya nyumba ya wafiwa akikagua ardhi kama mtu aliyedondosha sindano. Mkewe Yusra alikwisha kukata tamaa ya kumwona akimaliza chai ingali moto. "Mume wangu alizaliwa njiani," alikuwa akiwaambia majirani, "na mpaka leo hajafika."

Alikuwa na kazi mbili, na zote zilitaka miguu. Ya kwanza ilikuwa nyuki. Katika kichaka kikubwa kilicho nyuma ya kisima alitundika mizinga thelathini na mmoja, na tisa kati ya hiyo ilichongwa na marehemu baba yake. Asali yake ilifika hadi Mombo, ikauzwa madirishani kwa abiria wa mabasi. Kazi ya pili hakuna aliyemwajiri: kusoma nyayo. Mbuzi akiuawa, Sharifu ndiye aliyeitwa. Alichuchumaa, akapima kwa vidole, akataja mnyama, na hapo maneno yakaisha.

Kazi hiyo nayo aliirithi kwa baba yake, pamoja na sharti lake. Msomaji akitaja mnyama wa kufukuzwa kwa moto, ni yeye mwenyewe anayewasha moto wa kwanza. Wazee waliliweka sharti hilo ili mtu asitaje ovyo.

Mwaka mmoja Mwalimu Lea, binti wa Kishambaa aliyehamishiwa shule ya msingi, alimwita aje kuwasemesha watoto. Kitabu chao kilikuwa na picha mbili. Mnyama wa kijivu alisimama kwenye theluji, na chini yake pameandikwa "mbwa mwitu." Wa pili alikuwa mwekundu, ncha ya mkia nyeupe, anatabasamu kama karani, na chini yake pameandikwa "mbweha." Sharifu alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, hawa ni wageni waliopewa majina ya wenyeji," alisema. "Huyu wa kijivu kwetu hajawahi kukanyaga. Na huyu mwekundu wamempa ujanja ambao hapa ni wa sungura. Mbweha wetu hana ujanja wowote. Ni mwoga mwenye njaa."

Akawaeleza watoto, huku akitembea toka ukuta hadi ukuta. Mbweha huishi yeye na mkewe tu, wana shimo lao na eneo lao, hawahami. Mguu mwembamba, mkia manyoya tele. Hula panya, kumbikumbi, matunda, na mbuzi mchanga akimkuta peke yake. Mbwa mwitu ni ukoo mzima unaotembea. Ngozi ina madoa, masikio mviringo kama vifuniko vya sufuria. Hao hawavizii, wanakimbiza mpaka mnyama anaishiwa nguvu. Tena hawana kwao. Leo wako hapa, kesho utasikia wamevuka Mto Pangani.

"Na ukichanganya majina yao," alimaliza, "utafunga mlango usiohitaji kufungwa, na unaohitaji utauacha wazi." Watoto wakampigia makofi, naye akatoka kifua mbele.

Mwezi wa tisa, Jumatatu moja kiangazi kimekaza, mbuzi wa Munira aliuawa kando ya kile kichaka. Munira alikuwa mjane, jirani wa tatu kutoka kwa Sharifu, na mbuzi wake kumi na wawili ndio walikuwa mkono wake wa kulia. Sharifu alifika mapema, akiwa peke yake, mara baada ya swala ya alfajiri. Palibaki kichwa, ngozi na mifupa. Juu ya vumbi zilitapakaa nyayo ndogo za mbweha waliokuja kuokota makombo. Chini yake kulikuwa na nyingine. Kubwa, nyingi, za mbio, zikija pamoja na kuondoka pamoja.

Hakuhitaji kuchuchumaa. Alijua: mbwa mwitu.

Miaka minane nyuma kitongoji cha jirani kilitaja mbwa mwitu, na siku hiyohiyo watu walichoma kichaka chao chote. Sharifu alitazama mizinga yake juu ya miti. Wamekwisha kupita hao, alijiambia. Saa hizi wako mbali. Kwa nini mizinga ya baba iungue kwa ajili ya wageni wa usiku mmoja? Akavuta mguu, akazifuta zile nyayo kubwa kwa ndala, moja baada ya moja. Ndogo akaziacha.

Munira alipofika na Adamu, mwenyekiti wa kitongoji, Sharifu aliwaonyesha zilizobaki. "Mbweha," alisema. Na kila unyayo aliowaonyesha ulikuwa wa mbweha kweli.

"Mbweha amuweze mbuzi mzima?" Munira aliuliza.

"Walikuwa wawili. Na huyo mbuzi wako hakuwa mzima."

"Nilimkamua jana, mzee wangu. Alikuwa mzima."

"Fungia wachanga tu," Sharifu akamjibu upesi upesi. "Wakubwa waache walishe."

Neno la Sharifu lilikuwa neno.

Kuanzia hapo miguu yake ilimtesa. Jumanne alizunguka kichaka mara tatu. Jumatano alisahau rakaa ngapi ameswali, akaanza upya, akasahau tena. Yusra alimtazama akiinuka kutoka kwenye ugali kwa mara ya nne, akamuuliza, "Mume wangu, unafukuzwa na nani?"

Alhamisi jioni, jua likizama, aliwasikia. Hawabweki kama mbwa wa nyumbani. Wanaitana kwa sauti laini, huu, huu, utadhani ni ndege. Walikuwa hawajaondoka. Sharifu alitoka mbio kwenda kwa Munira. Alifika kwenye mkorosho wake, akaona taa ya jikoni, akamsikia akiwaita wachanga kwa majina na kuwafungia. Kumwambia "wafungie wote" kulikuwa na maana ya kumwambia kwa nini. Akaona haya. Akaogopa. Akasimama pale mpaka taa ikahamia ndani, kisha akarudi nyumbani kama mwizi, akajiambia atamwambia asubuhi.

Asubuhi ilianza kwa yowe. Sharifu aliwakuta watu wamejaa malishoni, na Munira ameketi chini, mikononi ameshika kengele ya beberu wake kiongozi. Mbuzi sita walikuwa wamelala, wameuawa. Munira alikuwa amewaona wauaji kwa macho yake, wanyama kumi na mmoja wenye madoa.

"Shikamoo, Mzee Sharifu," alisema. Hata siku ile hakuacha adabu.

"Mbweha wako wamekua," Munira akaendelea.

Angeweza kusema kwamba hao ni wengine, wamefika jana. Pengine wangemwamini. Lakini alichoka kutembea na lile jambo. "Nilijua tangu Jumatatu," alisema mbele ya wote. "Nyayo zao nilizifuta kwa ndala hii. Niliihurumia mizinga yangu."

Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuumiza zaidi. Ikaamuliwa kichaka kichomwe. Watu walikwenda kuleta mapanga na matawi mabichi, wengine wakaanza kulima mkanda wa kuzuia moto upande wa mashamba.

Baada ya swala ya Ijumaa simu yake ililia. Alikuwa shemeji yake, Ukasha, kutoka Mazingara, mbali na hapo. Mbwa mwitu kumi na mmoja wamekatiza shambani kwake muda huohuo, wanashika njia ya kusini. Sharifu aliweka simu kwenye spika, akainyanyua juu.

"Sikieni! Hawamo kichakani! Hawa hawakai, wanapita. Mtachoma nyumba ya mbweha bure!"

"Shemeji yako aseme nini tena?" Adamu aliuliza, na mtu mmoja nyuma akadakia, "Mbwa wenyewe wamepanda basi gani hilo?" Watu wakacheka kicheko cha hasira. Sharifu akashusha simu. Alikuwa anasema kweli tupu, na haikuwa na mnunuzi.

Alitaka kuomba wamwachie angalau usiku mmoja aishushe ile mizinga tisa. Akageuka, akamwona Munira na ile kengele. Hakuomba. Munira akamnyooshea kibiriti. "Wewe ndiye uliyesoma," alisema.

Akawasha. Kichaka kilikuwa kikavu, hakikuhitaji kubembelezwa. Nyuki walipanda juu ya moshi, wakazunguka, hawana pa kutua. Watu, mapanga mkononi, walisubiri mbwa mwitu, hakutoka hata mmoja. Walitoka mbweha wawili, mtu na mkewe, wakapita katikati ya miguu ya watu, wakatokomea kwenye mihogo.

Baada ya hapo aliyeitwa kusoma nyayo ni Abdi, kijana wa hapo kitongojini, ambaye hata za ndama na za nguruwe humchanganya. Sharifu alimpelekea Munira mbuzi wake wawili, naye akawapokea kwa shukrani. Waliendelea kusalimiana kila siku.

Mvua za vuli zilipoanza, asubuhi moja Munira alibisha mlangoni mwake. Abdi alikuwa amesafiri kwenda Korogwe. "Kuna nyayo zizini, mzee wangu," alisema. "Njoo unitazamie."

Sharifu alikwenda karibu kukimbia. Alichuchumaa kwenye tope, akapima kwa kidole, akapima tena. Moyo ulimdunda kwa furaha kama siku ile darasani.

"Mbweha," alisema. "Mmoja tu, tena mdogo. Haki ya Mungu, Munira, huyu ni mbweha. Fungia wachanga tu."

Munira aliitazama ardhi. Kisha akazitazama ndala za Sharifu.

"Ahsante, mzee wangu," alisema kwa upole, akawaita mbuzi wote, wakubwa kwa wadogo, akawafungia na kuuburuta mti wa miiba mlangoni.