Chaneli Aliyonipa Salim

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo, na nalitaja kwanza kwa sababu mengine yote yalipitia mlango huohuo. Nilijifunza mbio za magari peke yangu, chumbani kwangu Germantown, kwa kutazama video. Kisha nikajiaminisha kwamba kwa kuwa sikufundishwa na mtu, hakuna mtu wa kunifundisha.

Msinionee huruma. Nimechoka na watu wa "kila mtu hukosea." Mimi sikukosea kama kila mtu. Nilifanya nikijua, halafu nikamwachia mwanamke mmoja lawama zangu zote.

Mimi ni kijana wa Kitanzania, niliyeletwa Maryland, Marekani, nikiwa mdogo. Nina wasiwasi wa kudumu. Ujumbe wa mistari miwili nausoma mara kumi kabla ya kuutuma, na nikitamka neno vibaya mbele za watu naliuguza wiki nzima. Mtu wa namna hii akipenda kitu hakipendi tu, anajifanya mlinzi wake.

Nilipenda yale magari ya kawaida yaliyong'olewa viti na kujazwa mabomba ya chuma, yanayozunguka uwanja wa lami wenye umbo la yai, kushoto, kushoto, kushoto. Ngurumo zake huingia kifuani kabla ya kufika masikioni. Harufu ya mpira ulioungua hunifuata hadi nyumbani. Jamaa zetu waliniambia huo ni mchezo wa Wazungu wa mashambani, nami niliwachukia. Niliwachukia zaidi wale waliokuja uwanjani mara moja, wakapiga picha, wakaondoka mbio zikiwa nusu. Hakuna aliyenitosha!

Isipokuwa Salim.

Salim ni Mswahili wa Mombasa, kinyozi wa Oxon Hill. Ndiye aliyekuwa akininyoa. Alikuwa akiunda gari lake la mbio nyuma ya nyumba, yeye na dada yake mkubwa, Mwanaidi. Hawakuwa na mfadhili wala gari la akiba. Likivunjika lile, basi, ndoto imekwisha. Hilo alilisema wazi, nami nililisikia kwa masikio yangu.

Sasa, dereva ndani ya gari lile hawezi kuona ubavuni. Amefungwa mikanda, shingo imebanwa, dirishani kuna wavu. Kwa hiyo mtu wake mmoja husimama juu kabisa ya jukwaa na redio, anamwambia: yuko ndani yako, yuko nje yako, umempita. Ndani ni upande wa katikati ya uwanja, nje ni upande wa ukuta. Sisi tulimwita mtu huyo jicho.

Nilitaka kuwa jicho la Salim. Nilifanya mazoezi miezi mingi mbele ya video, nimezima sauti ya mtangazaji, naita kona moja baada ya nyingine. Nilikuwa na hakika ataniomba.

Siku aliyoniambia, nilikuwa kwenye kiti chake, kichwa changu kimenyolewa upande mmoja.

"Jicho atakuwa dada," alisema.

Nilidhani anatania. Mwanaidi ndiye aliyewahi kuyaona magari yale na kusema yanamkumbusha ngamia wa kinu cha mafuta, yule anayefungwa macho na kuzungushwa mchana kutwa. Nilimkumbusha Salim maneno hayo.

"Basi si ndiyo?" akasema. "Ngamia akifungwa macho ataka mtu wa kumshika. Wewe, Profesa, nikiwa kwenye kona utanipa mhadhara. Nitafika ukutani hujamaliza utangulizi."

Duka zima lilicheka. Ningetaka kuondoka, lakini utatokaje na nusu kichwa? Nilikaa nikameza. Hadi leo nakumbuka mashine ile ikinguruma juu ya sikio langu huku watu wakijifuta machozi.

Salim aliona uso wangu kwenye kioo, akazima mashine. Akasema mimi si mtu wa nje, akanipa namba ya chaneli yao ya redio. Uwanjani kwetu shabiki yeyote anaweza kuja na redio ya kusikilizia, na akiipata chaneli ya timu atasikia kila kitu. Timu nazo husikilizana, hivyo siri ni ngumu. Wao walikuwa na kufuli lao.

"Tutaongea Kiswahili chetu," aliniambia. "Waache wasikilize mpaka masikio yachoke. Wewe sikiliza, ukiona tumekosa utatwambia tukirudi."

Alinipa ufunguo mkononi. Kwa heshima. Mimi nilibaki nikihesabu kicheko.

Msimu ulianza. Nilikuwa nafika mapema, nafuta visikizi vyangu vya masikioni kwa kitambaa, najaribu betri tena na tena. Mashabiki wengine walisikiliza mbio. Mimi nilimsikiliza Mwanaidi ili nimnase. Mwanzoni alinipa chakula tele. Aliita kwa kuchelewa, alichanganya kona, alimwambia ndugu yake "taratibu, babangu" kana kwamba anamlisha uji. Kila alipokosea nilihisi raha mbaya.

Kisha akaanza kujua. Sauti yake ikatulia, maneno yakapungua. Salim akaanza kumaliza katika watano wa mbele. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa kule juu kama mtu aliyeibiwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, jua kali, mabenchi ya bati yanaunguza mapaja. Kando yangu aliketi mzee wa Kizungu mwenye kofia, mpole, akanipa njugu zake. Aliniambia mwanawe ndiye dereva wa gari la bluu. Shingoni alikuwa na redio. Haikuwa kama yangu ya kusikiliza tu. Yake ilikuwa na kitufe cha kuongea.

Someni tena sentensi ile ya mwanawe. Kwa miezi nilijiambia mwenyewe kwamba sikujua yule ni nani. Nilijua! Aliniambia kabla bendera ya kijani ya kuanzisha mbio haijapepea.

Aliona nikitabasamu peke yangu, akauliza nasikiliza lugha gani. Nikamwambia. Akauliza wanasema nini. Kwanza nilimpa vitu vidogo: dada anamwambia asubiri, dada anamwambia tairi zinapoa. Alitikisa kichwa kwa mshangao na kuuliza zaidi. Hapo ndipo uozo wangu ulipo. Katika msimu mzima, mtu wa kwanza kuniuliza maswali kuhusu mbio alikuwa baba wa mpinzani wetu, na nilimpenda kwa hilo.

Ilipobaki mizunguko michache, gari la bluu lilikuwa mbele na Salim nyuma yake, pua kwa mkia. Nikamsikia Mwanaidi.

"Kona ya pili mtishe kwa nje. Akikufuata, ya tatu ingia ndani. Wanisikia, babangu? Ndani."

Niliona ni mpango mbovu. Mimi ningemwambia asubiri. Nilikuwa nikikunja uso, na mzee akauliza kuna nini.

Nikamwambia. Kwa Kiingereza safi, sentensi iliyonyooka: atajifanya anapita nje kona ya pili, kisha ataingia ndani kona ya tatu. Nakumbuka hata nilifurahi kwamba sikugugumia.

Mzee akainua redio mdomoni. Niliona kidole gumba kikibonyeza kitufe. Nilikuwa na nafasi ya kumshika mkono, ya kusema hapana, ya kujifanya nimekosea. Badala yake nilikuwa natazama uwanjani nione kama nitathibitika kuwa sahihi.

Salim alitisha kwa nje. Akageuza kuingia ndani. Mlango wa kupitia ulikuwa umefungwa tayari. Aligonga kona ya gari la bluu, akazunguka, akaenda na ubavu ukutani. Gari lilikunjika kama kopo lililokanyagwa.

Uwanja ulinyamaza. Mimi sikuwa na bahati hiyo, nilikuwa na visikizi.

"Salim. Salim, nijibu. Salim."

Hakuwa na mwingine wa kumsikia kwa lugha ile ila mimi na ndugu yake, na ndugu yake hakujibu mpaka wavu wa dirishani uliposhushwa.

Mzee alivua kofia, akanishika bega, akasema pole. Aliniambia mimi pole!

Salim alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto, mkono anaonyolea. Gari halikutengenezeka. Nilipokwenda dukani kumjulia hali, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkono umefungwa plasta, anatazama mwenzake akifanya kazi yake. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, nimeyapanga yote. Yeye akatangulia. Akasema labda dada alichelewa kumwita.

Mlango ulikuwa wazi. Mtu mwema angeingia akasema ukweli. Mimi nilisema, "Labda."

Sikuishia hapo. Kwenye kundi letu la simu, la jamaa zetu wa huku, watu walianza maneno yao, wakiuliza nani alimpa mwanamke redio. Nami niliandika uchambuzi mrefu, wa adabu, wa kitaalamu, kuonyesha kwamba amri ya kuingia ndani ilichelewa. Niliusahihisha mara nyingi kabla ya kuutuma. Walinisifu. Walisema natakiwa mimi pale juu. Mwanaidi yumo kwenye kundi lile. Aliusoma wote, akajibu neno moja: shukran. Redio akairudisha kwa ndugu yake.

Baada ya hapo akanipigia simu, akaomba tukutane Wheaton, kwenye lile jengo la maduka, ghorofa ya vyakula. Alikuja na buibui lake na begi la kazini, akaninunulia chai bila kuuliza kama naitaka.

"Nifundisha," akasema. "Wewe wajua mambo haya. Nionyesha nilipokosa, nisije nikamuua ndugu yangu siku moja."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu siku ya kichwa nusu. Yalikuja namna ile. Nami bado, Mungu ananiona, nilitoa simu nikaanza kufundisha. Nilimwonyesha kona ya pili. Nikamwonyesha pale nilipodai alichelewa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, machozi yanadondoka kwenye meza, anayafuta kwa kiganja bila kutoa sauti.

Kisha akanyoosha kidole.

"Rudisha kidogo. Hapo. Salim bado yuaenda nje, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Na huyu wa bluu ashashuka ndani. Hakumfuata Salim. Yuamngoja."

Nilitazama. Video ile nilikuwa nimeitazama mara zisizo na idadi, nikikwepa gari la bluu kwa macho yangu mwenyewe. Magurudumu yake ya mbele yalikuwa yamegeuka ndani wakati Salim bado anakwenda nje. Hata mtoto angeona.

Mwanaidi hakuinua macho haraka. Alisogeza kikombe chake pembeni kwanza.

"Nani mwengine pale alikuwa asikia Kiswahili?"

Nilikuwa na majibu. Mimi huwa nayo daima. Ningesema watu wa pwani wamejaa siku hizi, ningesema bahati, ningesema dereva wa bluu ana uzoefu. Nikaishia kutazama chai ile mpaka ikaota utando.

"Chaneli alikupa mwenyewe," akasema. "Mimi nilimkataza. Akanambia, huyu ni wetu."

Akachukua begi lake akaondoka. Hakunitukana. Ningetaka anitukane.

Nilimpigia Salim jioni ileile, nikamwambia kila kitu, pamoja na mzee, njugu, kitufe na kidole gumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Aliniacha nimalize.

"Mkono utapona," akasema. "Lakini dada nilimlaumu. Nilimlaumu usoni, mbele ya mama. Hilo nani atanirudishia?"

Akakata. Sijawahi kunyolewa tena Oxon Hill.

Kwenye kundi niliandika ukweli. Uchambuzi wangu walikuwa wameusifu wengi. Ungamo langu halikujibiwa na mtu, kisha nikatolewa. Ni haki yao. Mimi pia ningemtoa mtu kama mimi.

Sasa nawaambia ninyi mlio kama mimi, mnaokaa jukwaani na masikio ya mtego, mnaojua kila kitu na hamjawahi kushika usukani wala redio. Nawajua, na siwapendi. Mnajiita mashabiki, lakini mnangojea watu wenu waanguke ili mseme mlijua. Mtu akikukaribisha kwenye siri yake, na ndani yako bado kuna kicheko hujakisamehe, mwambie hapana. Mrudishie namba yake siku hiyohiyo! Usikae nayo ukidhani wivu utachoka. Wivu hauchoki, unangoja tu mtu mpole akuulize swali. Na ukishafanya uovu wako, usiuandikie uchambuzi.

Nimerudi uwanjani mara moja tu. Nilisikia Salim ameazimwa gari la mtu, nikaenda, nikakaa mwisho kabisa wa benchi, mbali na watu. Pale juu ya jukwaa nilimwona Mwanaidi, buibui linapepea, redio mkononi. Niliapa sitasikiliza. Nikasikiliza.

Chaneli hawajaibadilisha, ni ileile aliyonipa. Lakini kufuli wameliondoa: siku hizi Mwanaidi na ndugu yake wanaongea Kiingereza.