Manowari ya Babu na Dagaa wa Zefania

Mpaka leo sili dagaa. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mbili. Nilifungua dagaa niliotumwa dukani kwa Zefania, Hedaru, nikaona kwenye karatasi waliyofungiwa picha ya meli yenye mabomba mawili ya moshi, mizinga na bendera. Ilikuwa manowari ya babu. Babu Mbonea aliichukua ile karatasi, akaifuta kwa shati lake, akailaza gotini. Kilio chake sijakisahau, maana hakikuwa na sauti.

Mimi nimeishia darasa la nne, nasema nilichokiona. Babu alishuka mlimani akiwa kijana kukata mkonge, akafika hadi Mombasa, na vita vya Hitler vikamkuta huko. Waholanzi wakamchukua kwenye chumba cha boila cha manowari yao. Nchi yao ilikuwa imetekwa, meli haina pa kurudi, ikawa inawinda nyambizi na kusindikiza meli za askari. Alitusimulia hayo huku tukipukuchua maharage. Majirani walimtania, "Mzee, hiyo manowari yako itatia nanga kwenye ndiva gani?" Naye alikuwa akiwajibu, "Ndiva yenu imejaa tope hata maji ya kumwagilia hayakai. Izibueni kwanza!" Ushahidi wake ulikuwa kitabu chembamba walichopewa mabaharia: safari za meli, picha, na ukurasa wa mwisho majina ya waliokuwamo. Mbonea alikuwamo.

Ndipo ukaja msako wa wahujumu uchumi, walanguzi walioficha bidhaa. Sukari hakuna, sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai, na Zefania, katibu wetu wa kata, anapekua hadi chini ya vitanda. Kwetu alikuta kitabu tu. Kiingereza chake kidogo kikamtosha kusoma neno "destroyer" lililogongwa muhuri kwenye jalada, jina la aina ile ya meli, akalitafsiri mbele ya majirani. "Mharibifu! Kumbe mzee umeanza uharibifu zamani! Mharibifu na mhujumu wana tofauti gani?" Watu wakacheka. Babu akasema, "Mwanangu Zefania, hiyo ni meli. Mimi nilikuwa naangalia moto tu." Akakaa mahabusu Same siku nne. Akaachiwa bila shitaka, kitabu kikabaki ofisini kwa Zefania. Kila akiulizia anaambiwa, "Kipo kwenye faili, mzee."

Biashara ilipofunguliwa, mitumba na sabuni za rangi zikajaa, na wa kwanza kufungua duka Hedaru alikuwa nani kama si Zefania? Faili za ofisi akazifanya karatasi za kufungia. Siku ile ya dagaa babu alishuka na fimbo yake na ile karatasi, mimi nyuma. "Shikamoo mzee," Zefania akasema, bila hata kuinuka. "Karatasi ni karatasi. Kwani ulikuwa unaisoma?" Babu akamnyima marahaba, akageuza fimbo kurudi nyumbani. Hakumaliza mwaka. Mazikoni ikasomwa kwamba marehemu alikuwa mkulima, basi.

Siku hizi mjukuu wangu akigusa simu, meli inatokea, na safari zake zote. Majina ya watu wa boila hayatokei. Na Zefania yupo, mzee wa kuheshimiwa pale Same, anakaa benchi la mbele kanisani, watu wanapanga foleni kumwamkia. Nami nimemwamkia miaka yote hiyo. Sasa shikamoo yangu naizuia. Zefania, nijibu ungali na pumzi: ule ukurasa wa mwisho, wenye majina, ulimfungia nani, na ulifungia nini?