Mtungi Mmoja wa Ukuta

Jumanne, tarehe 14 Aprili. Asubuhi jua la kuchoma. Tangu saa sita mawingu meusi upande wa Lokitaung, na upepo wenye harufu ya udongo uliolowa.

Hapa Kakuma watu huifurahia harufu hiyo. Mimi leo niliiogopa.

Wiki jana mama mkwe alihama kutoka Nawoitorong, kule Lodwar, akaingia chumba tulichomjengea. Kuta zake ni udongo mtupu: unamwagwa kati ya mbao, unatiwa maji kidogo, unashindiliwa kwa gogo mpaka ulie kama jiwe. Fundi ni mkimbizi wa Sudan Kusini, anakaa kambini. Siku ya safu ya kwanza aliitwa kwenye mazishi. Akaniachia vijana wa kushindilia na mitungi miwili ya maji, akasema yote iingie.

Nilitia mmoja. Mwingine niliwanywesha mbuzi. Kwetu kumwaga maji mchangani ni kama dharau. Labda hapo najitetea. Aliporudi akauliza, nikasema yote imeingia.

Leo nilipopapasa ukuta kwa chini, unga wa udongo ulinidondokea vidoleni, pale pale kitanda cha mama kilipoegemea. Mume wangu akaanza kumsema fundi, eti watu wa kambini hulipualipua kazi. Niliufagia ule unga nje. Kusema haki, nilimwacha aseme mengi kuliko ninavyopenda kuandika.

Matone yalipogonga bati niliingia mbio chumbani kwake.

"Mama, toka. Ukuta huu niliukosea mimi, sio fundi. Maji yake niliwapa mbuzi."

Hakuinuka haraka. Aliuliza mbuzi gani. Nikasema wote, hata yule mweupe.

"Nyumba nimejenga tangu msichana, za miti na majani," akasema. "Hakuna iliyomwangukia mtu. Nyinyi mnajenga kitu kizito hivi, halafu mnakipunja maji."

Nikamshika mkono. Tukatoka, tukaingia nyumba yetu.

Mvua ilipiga kama nusu saa. Ukuta haukuanguka, lakini karibu na kichwa cha kitanda ulilika, shimo la kuingia mkono mpaka kiwiko. Fundi alifika amelowa, nikamweleza yote mbele ya mume wangu. Hakunikaripia. Alisema upande huo ubomolewe wote, kiraka hakitashika. Sijui kama amenisamehe. Mume wangu hakumwomba radhi, ila alimpa kiti chake.

Mama analala kwetu. Jioni tulikula ugali na maziwa ya yule mbuzi mweupe. Mama alisema tule tushibe, maziwa hayo ndiyo ukuta wake.