Wimbo wa Tatu katika Daftari Langu

Kabla sijaeleza lililotokea, sharti niweke wazi hali ya mambo, asije mtu akasema kwamba nilikuwa nimelewa, au naumwa, au nimesinzia. Ilikuwa alasiri, saa tisa na nusu. Jua la kiangazi lilikuwa bado kali juu ya mabati. Nilikuwa nimekula. Sikuwa na homa. Katanga ilikuwa imejitenga, na mji wetu, ambao wakati huo uliitwa bado Elisabethville, ulikuwa na vizuizi vya askari katika kila njia kuu, hata mtu hakumtembelea mwenzake bila sababu. Nimefundisha Kilatini miaka mingi, na sijazoea kusema nisilolijua. Nitakayoyasema nayajua.

Mke wangu Ngalula, mzaliwa wa Kasai, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwetu, aliyefiwa na mwenziwe haoi wala haolewi mpaka jamaa wa marehemu waje kumtoa mfu: wamwogeshe yule aliyebaki, waseme maneno yao, wamwachilie. Tunaita kutosha mufu. Lakini jamaa wa Ngalula walikuwa wamefukuzwa majumbani mwao pamoja na watu wengi wa Kasai, nao wakaishi chini ya maturubai katika kambi ya wakimbizi pembezoni mwa mji. Kwa baiskeli ni mwendo wa nusu saa. Sikwenda. Niliogopa kuonekana nikiingia huko, hilo nalikiri. Lakini kilichozidi woga kilikuwa kiburi. Niliihesabu desturi ile kuwa ya watu wasiosoma. Na Adela, binti niliyekuwa nimwoe Jumamosi ya juma lile, aliponiuliza kama mfu ametolewa, nilimjibu ndiyo.

Badala ya desturi nilijitungia dawa yangu. Nilichukua daftari la shule nikaamua kuandika mapenzi yangu yote kwa mfuatano wa nyimbo: kila mwanamke na wimbo wake, mahali na majira, kisha nilifungie kabatini na kuwa mtu mpya. Niliamini kwamba jambo likiandikwa barabara limekwisha. Wa kwanza alikuwa Monika wa Kilwa, ile ya kwetu Katanga kando ya ziwa, nilipokuwa mseminari likizoni. Wimbo wake ni ule ambao wanawake waliuimba wakipasua samaki wa kukausha, nami nikijifanya nasali kitabuni huku nikiisikiliza sauti moja tu. Wa pili, Tereza wa Kipushi, na gitaa la wachimbaji siku za Jumapili baada ya misa. Wa tatu alikuwa Ngalula. Kwake niliandika rumba iliyopigwa katika karamu ya harusi yetu. Nilikuwa nikiukausha wino nilipoona mwanamke amesimama kwenye mlango wa jikoni.

“Jambo, Mwalimu,” alisema. “Nimetoka ku kambi.”

Nilidhani ni jamaa wa mke wangu. Nilimpa kiti, nikampa maji ya kunywa. Hapa naomba unisikilize kwa makini: kila nilipoinamisha macho kwenye daftari, nilimsahau uso. Nilipoyainua nilimwona vizuri, macho, pua, kitambaa cha kichwani. Nikiyashusha, hakubaki hata mstari mmoja. Mimi, ambaye huwakumbuka wanafunzi wangu wote kwa sura na kwa makosa yao.

“Unaandika nini?”

“Mambo ya shule, mama.”

“Ya shule.” Alicheka bila kufungua kinywa. “Na Monika, alikuwa anafundisha nini?”

Jina hilo sikuwahi kumtajia mtu yeyote mjini. Wewe ungefanyaje? Ungekimbia? Mimi nilibaki nimekaa, na aliponiambia nisome, nilisoma. Nilipoumaliza ukurasa wa mwisho wa Kilwa, aliuimba ule wimbo wa samaki kwa sauti ya msichana wa miaka kumi na saba, pamoja na kikohozi kidogo alichokuwa nacho Monika kati ya ubeti na ubeti. Nilipomaliza ya Kipushi, aliimba kwa sauti nzito ya Tereza, iliyokwaruzwa na moshi wa tumbaku. Sikukosea. Masikio yangu yalikuwa bado mazuri.

“Monika, kurasa ine,” akasema. “Tereza, kurasa mbili na nusu. Na bibi yako wa ndoa? Mistari kumi na moja. Hata mutu anaomba chumvi ku jirani anasema mingi kupita pale.”

“Ni machungu, mama. Machungu hayana maneno mengi.”

“Bon. Na hii rumba, nani alikuwa anaipenda?”

“Ngalula.”

“Wongo. Ni we. Ye miguu ilikuwa inamuuma, viatu ulimuletea vilikuwa kidogo.” Aliinama kuelekea kwangu. “Wimbo yake unaijua. Ile ya bankambo yake, bazee ya zamani, alikuwa anaimba ku jikoni kila mangaribi. Na we ulikuwa unafanya nini?”

Nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nikiinuka mezani na kuufunga mlango, kwa kuwa nilikuwa nikisahihisha madaftari. Na siku ya msiba, dada zake walipoanza kuuimba, niliwanyamazisha. Nilitaka sala za Kilatini tupu.

“Imba basi,” akasema. “Mustari moja tu. Ukiimba, mi naenda, na Jumamosi unaoa. Ukishindwa, tunabakia vile tuko.”

Nilifungua kinywa. Naweza kusema kwa moyo kurasa nzima za washairi wa Roma, lakini katika wimbo ulioimbwa nyumbani mwangu miaka sita sikuwa na neno hata moja. Nilichokuwa nacho kilikuwa mvumo tu, kama unavyosikika nyuma ya mlango uliofungwa. Nilijaribu kuufuata mvumo huo, na kilichotoka kinywani kilikuwa rumba. Aliisikiliza mpaka mwisho. Uvumilivu wake ndio ulionitisha kuliko yote.

“Mwalimu,” akasema, “hata haya hauna.”

Aliyaacha maji bila kuyagusa, akatoka.

Hazikupita dakika mbili Adela akaingia, ameshika kitambaa cha harusi alichokuja kunionyesha.

“Ule mama nimepishana naye ku mulango ya kipango, ni nani?”

“Jamaa kutoka kambini.”

“Ameniita dada mudogo. Amesema: ‘Karibu, bwana wetu iko ndani, iko anaandika. Na we atakuandika siku moja.’” Hakukaa. “Nitakuuliza tena mara moja. Balikutosha mufu?”

Nililifunga daftari.

“Nilikuuliza mbele ya mama yangu,” akasema. “Na ukamuangalia mu macho.”

Alikunja kitambaa chake vizuri, ncha kwa ncha, akaondoka.

Kesho yake nilikwenda kambini. Nilipita kizuizini mchana kweupe, na hakuna aliyenizuia. Chini ya turubai lao niliwakuta watu wengine, wakaniambia kwamba ukoo wa Ngalula ulikuwa umesafirishwa kurudi Kasai siku tisa zilizopita. Hakuna aliyejua wamefikia wapi. Barua nilizoandika hazikujibiwa.

Tangu hapo, wimbo wowote uimbwao mbele yangu, hata kanisani, hunifikia sauti tu. Maneno siyapati. Waganga wa hospitali wamenipima masikio, nao wanasema ni mazima.

Nawe unayesoma, kama umefiwa na mwenzi, usingoje amani irudi nchini, wala usijifanye msomi. Panda baiskeli uende kwa watu wake. Wakikutukana, kaa chini uwasikilize, na wakianza kuimba, shika maneno.

Adela aliolewa mtaa wa Ruashi kabla ya mvua za kwanza. Mimi sikuoa tena.