Nilimmalizia Mama Mchezo Wake

Nimekosa, na sina wa kumlaumu. Nimemkosea mama yangu mzazi. Naandika kwa sababu nikimwambia mtu uso kwa uso nitalia kabla sijafika katikati.

Mama alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile zenye vitundu vya kudarizi kwa mkono, hapa mtaani Mpendae. Kiharusi kilipomshika, mkono wa kulia ukalala. Kofia aliyokuwa akimshonea mume wangu ikabaki nusu, sindano ingali imechomekwa, akawa anaiweka chini ya mto wake. Mtaalamu wa mazoezi akatwambia mkono upewe kazi ndogondogo, usiachwe hivi hivi.

Nikapita madukani Mlandege nikamnunulia kigemu cha mkononi. Kwenye kioo chake mna gololi. Ukikiinamisha, inabingirika, ukizidisha kidogo tu, inatumbukia shimoni na unaanza upya. Jamani, kina raha na kina kero! Mama alikuwa akikitukana na kukiweka chini, muda si muda kakichukua tena. Na vidole vikaanza kuamka. Siku moja alifunga kishikizo cha gauni lake mwenyewe, tukashangilia nyumba nzima.

Kisha akafika hatua ya ubao. Ubao wenyewe mwembamba, unabembea, na gololi lazima ipite juu yake. Usiposubiri ukatulia, imeanguka. Mama alikwama hapo wiki nyingi. Mimi nakaa pembeni, roho juu, njia nshaiona, mikono inaniwasha!

Mchana ule gololi ilifika katikati ya ubao. Mkono wa mama ukatetemeka. Nikamwambia, "Lete, mama, utaiangusha."

"Niache, nshafika," akasema.

Nikampokonya. Nisingizie nini? Wali haukuwa ukiungua, wala mgeni hakuwepo mlangoni. Nilinogewa tu. Nikaivusha gololi mara moja, kigemu kikapiga muziki wake wa ushindi, nami nikacheka kama mpumbavu.

Mama hakucheka. Aliutazama mkono wake, akauficha ndani ya kanga.

Tangu hapo hajakigusa. Nimemrudishia hatua ileile, nimemwomba radhi, nimempigia magoti. Ananijibu kwa upole, na upole huo ndio unaoniua.

"Cheza wewe, mwanangu. Wewe unaweza."

Mazoezi nayo kayaacha. Vidole vimejikunja tena. Siku hizi namlisha kwa kijiko, na anameza bila kunitazama. Ole wangu!

Nyinyi mnaouguza, nawaomba sana. Mgonjwa wako akihangaika na kishikizo, toka nje ukafagie ua. Akiangusha, mwache aangushe. Usimfanyie kile anachokaribia kukiweza, hata kama unampenda, hata kama unaona njia.

Juzi jirani yetu, naye mshonaji, aliiona ile kofia akaniomba aichukue aimalizie. Alikuwa na nia njema. Nilimkatalia, nikairudisha chini ya mto wa mama, na sindano yake imo.